Sabufa Niliyoiua kwa Mkono Wangu

Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, nikiwa nimesimama uani kwangu Mikindani, mke wangu akisikia na binti yangu wa mwisho akisikia, kwamba sabufa ile ikifa mara ya tatu gari litauzwa. Sikuapa kwa hasira. Mwenye hasira huapa mambo makubwa asiyoyaweza. Mimi niliapa jambo ninaloliweza, kwa kuwa gari lilinunuliwa kwa kipande cha shamba langu la mikorosho, na kadi yake ina jina langu, ingawa jina hilo siwezi kulisoma.

Gari lenyewe ni kirikuu, yale malori madogo yenye pua fupi ambayo watu hubebea mihogo na saruji. Binti yangu habebi mihogo. Nyuma amefunga spika mbili ndefu za kutoa maneno na vinanda, na katikati yake kisanduku cheusi chenye spika moja pana kama sinia, ambayo kazi yake ni ule mngurumo wa chini unaoitwa besi. Hiyo spika pana ndiyo sabufa. Kwa gari hilo huongoza maharusi na kutangaza mikutano, lakini mkate wake hasa ni siku ya kutoka wali, siku ambayo wasichana waliokuwa ndani wakifundwa hutolewa mbele ya watu wakiwa wamevishwa mavazi mapya. Siku hizi, familia inayotoa wali bila gari la muziki husemwa mwaka mzima.

Binti yangu ni mtu mzima. Aliachika, akarudi nyumbani na watoto wawili, na mmoja wa watoto hao ndiye anayeandika maneno haya. Ataandika nilivyosema, hata pale ambapo angependa mama yake asifiwe zaidi.

Mimi kazi yangu ni kukalafati vyombo vya baharini. Sikuingia shule hata siku moja. Baba yangu alinikabidhi nyundo ya mti na patasi butu, akanionyesha jinsi ya kuchovya pamba katika mafuta na kuishindilia katika maungio ya mbao hadi maji yakose njia ya kuingia. Nimeifanya kazi hiyo mpaka vidole vimejikunja. Kwa hiyo ninapoona tundu, mkono wangu hutangulia akili yangu. Hilo ndilo lililoniponza.

Sabufa ya kwanza ilikufa katika harusi, katikati ya Mtwara, bwana harusi akiwa hajashuka garini. Ya pili ilikufa bila hata kuaga; asubuhi ilikuwa inanguruma, adhuhuri ikawa inakoroma, alasiri kimya. Ndipo nikaapa. Binti yangu alikwenda kwa fundi wake wa mjini. Alinunua ya tatu, akaifunga mwenyewe, akafunika nyuma kwa turubai.

Siku chache baadaye alikwenda kuhani msiba, akaliacha gari uani. Nikafunua turubai ili nijue kitu hiki kinachokula jasho la watu kimetengenezwaje. Nikakizunguka kile kisanduku. Kilikuwa cha mbao za kubandika, zile za unga wa mbao, na pembe zake zimevimba kwa hewa ya chumvi. Mbele, chini ya sabufa, palikuwa na tundu la mviringo ambalo ngumi yangu iliingia yote. Nikasema moyoni: hapa ndipo palipo ugonjwa. Fundi gani anauza sanduku lenye tundu? Nikachonga kizibo cha mti, nikakizungushia pamba yenye mafuta, nikakigongea mahali pake kwa nyundo yangu. Kazi ilikuwa safi. Ungekitia kisanduku kile baharini, tone lisingeingia kwa tundu lile.

Binti yangu aliporudi alikiona kizibo. Aliinama, akakigusa kwa kidole, akaniangalia.

"Baba, umeziba?"

"Nimeziba."

"Ahsante, baba," akasema, akaingia ndani kuvua mtandio.

Haikupita wiki mbili sabufa ikafa. Ilifia kwenye mkutano wa hadhara, na harufu yake, ile harufu ya rangi iliyoungua, ilikuja nayo mpaka nyumbani. Hakuna aliyetamka neno kiapo. Mke wangu aliendelea kukuna nazi iliyokwisha kukunwa.

Nilimwambia binti yangu tuende pamoja kwa fundi wake, kwa sababu nilitaka kumwona mtu huyo usoni kabla sijauza gari. Kibanda chake kiko mjini, na yeye ni kijana wa kutoka nyanda za juu, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nionyeshe ilikufaje."

Aliitoa sabufa, akailaza mezani, akaibonyeza kwa vidole vinne polepole. Ndani mlisikika mkwaruzo, kama mchanga katika jino.

"Umesikia, mzee? Huku nyuma kuna waya mwembamba uliosukwa, unaitwa koili. Inapanda na kushuka ndani ya sumaku bila kuigusa. Hii imeungua, imevimba, sasa inasugua." Kisha akageukia kisanduku. Akakigonga kile kizibo kwa bisibisi. "Na hili tundu nani kaliziba?"

Binti yangu alitazama barabarani, kama mtu anayemsubiri mgeni.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Sanduku lenye tundu ni bovu."

"Mzee wangu, wewe ukizibwa pua na mdomo, utaimba?"

"Siimbi hata nisipozibwa."

Alicheka, kisha akanieleza bila dharau, na kwa hilo nampa heshima yake. Akasema spika husukuma hewa mbele na nyuma. Ile ya nyuma, kisanduku kikipimwa vizuri, hutokea kwenye tundu na kuisaidia ya mbele, na hapo ndipo besi inapopata kifua. Nilipoziba, besi ikapungua. Besi ilipopungua, mwenye gari akaongeza nguvu ya amplifaya. Amplifaya ikalazimishwa kupita uwezo wake, sauti ikaanza kupasuka, na sauti iliyopasuka ni moto mtupu ndani ya koili.

Nikamgeukia binti yangu. "Ulijua tundu lile lina kazi?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshaziba, baba."

Nimepigwa na mengi katika umri wangu, lakini maneno hayo matatu yalinikalisha kwenye kigoda cha fundi bila kukaribishwa. Katika nyumba yangu hakuna anayenisahihisha. Nilidhani hiyo ni heshima, na huenda ni heshima, lakini siku ile iliunguza sabufa.

Hata hivyo kiapo ni kiapo. Njiani nikamwambia, "Gari litauzwa."

"Sawa, baba. Ila nimeshawapa neno watu wa Kitaya, nitawatolea wali wao mwezi huu wa kumi na mbili. Liuzwe baada ya hapo." Aliendesha kidogo, kisha akaongeza, "Na liuzwe likiwa linasikika. Mnunuzi asije akadhani nilikuwa nauza ukimya."

Nikakubali, kwa kuwa sikuapa ni lini. Ila nikamwambia kwamba kisanduku nitakitengeneza mimi. Nilikiua, na sikuwa tayari kitu nilichokiua kiende Kitaya kimefungwa kamba.

Fundi alisuka koili upya, akaniandikia vipimo kwenye karatasi. Nikamrudishia karatasi yake. "Niambie kwa madumu," nikasema. Akakuna kichwa, akahesabu, akasema ndani yake yaingie madumu matatu ya lita ishirini, na juu kidogo kwa ajili ya tumbo la spika. Hapo tulielewana. Ulikuwa msimu wa korosho, na uani kwangu palikuwa na magunia ya korosho ghafi yakisubiri mnada. Nilipounga mbao za kisanduku kipya, mbao nene za plaiwudi na mbavu za mti mgumu kwenye kila pembe kama niungavyo chombo, nilimimina ndani korosho za dumu moja, mbili, tatu, nikasawazisha kwa kiganja. Zilibakiza vidole viwili kufika juu. Nikazimwaga, nikaenda kuswali adhuhuri moyo ukiwa mweupe.

Chombo kipya hupimwa kwa kujazwa maji ndani, nawe unazunguka nje ukitafuta jasho. Plaiwudi huwezi kuifanyia hivyo. Nikatafakari, kisha nikamwita mke wangu nikamwomba chetezo chake cha kufukizia.

"Unakwenda kufukiza nini?" akauliza.

"Spika."

"Ina shetani?"

"Ina uvujaji."

"Haya, lakini ubani ni wangu, na shetani akitoka asije jikoni."

Nilianza na kisanduku cha zamani, ili nijue makosa yake. Nikatia chetezo ndani, nikafunika nafasi ya sabufa kwa sinia, nikangoja. Moshi ukatoka pembe ya kushoto, ukatoka pembe ya kulia, ukatoka chini, ukatoka pale waya unapopita. Mahali pekee ambapo moshi haukutoka ni kwenye kizibo changu. Nilisimama pale nikautazama ubora wa kazi yangu, nikaona aibu. Nilikuwa nimeziba mlango na kuacha kuta zikivuja.

Basi kisanduku kipya nilikikalafati maungio yote kwa pamba. Binti yangu aliniomba kwa adabu nisitumie mafuta ya papa, maana biharusi hapandi gari linalonuka kama bandari, nami nikatumia mafuta ya nazi, nikafunika juu yake kwa gundi na vumbi la msumeno. Tulipofukiza, moshi ulitoka kwenye tundu moja tu, lile lililokusudiwa, ukatoka mnene na umenyooka. Mke wangu, ambaye alikuwa amekuja kukilinda chetezo chake, alipiga kigelegele kimoja kifupi, akarudi jikoni.

Katika tundu huingizwa bomba la plastiki, na urefu wa bomba ndio unaoamua besi ishuke hadi wapi. Fundi alinipa kipimo, lakini akakiri kwamba masikio hushinda kipimo. Kwa hiyo tuliliacha refu, kisha binti yangu akapiga wimbo mmoja wenye ngoma nzito, nami nikakata upana wa kidole, akapiga tena, nikakata tena. Mara ya nne ngoma ilisimama. Sijui kulieleza vizuri zaidi. Kabla ya hapo zilikuwa zinakuja ngoma mbili, moja ya kweli na nyingine ya kuvutika nyuma yake kama mtu anayeburuta ndala. Baada ya kidole cha nne ikaja ngoma moja. Niliweka msumeno chini.

Kilichobaki kilikuwa gari lenyewe. Kirikuu ni bati, na bati hupenda kuongea. Besi ilipopigwa, kibao cha namba kililia, ubao wa nyuma ukalia, bawaba ya mlango ikalia. Nilizunguka na vipande vya mpira wa tairi kuukuu, nikivishindilia kila palipokuwa na kelele, huku binti yangu akiita kutoka kwenye usukani, "Bado huko kushoto, baba! Chini! Chini zaidi!" Hilo ndilo lilikuwa jambo geni kuliko yote: nilikuwa nimelala chini ya gari, mwanangu ananielekeza, nami natii. Nikagundua pia kwamba waya wa amplifaya unaoshika bodi ya gari ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga upya. Mwishowe binti yangu akaongeza nguvu ya amplifaya mpaka sauti ilipoanza tu kukwaruza, akairudisha nyuma kidogo, na hapo ubavuni mwa kitufe chake nikatia alama kwa kisu. Nikamwambia, "Hapa ndipo mwisho. Asikudanganye mlevi yeyote."

Siku ya Kitaya tuliondoka alfajiri. Nilikaa mbele, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika kazi yake. Barabara ile inajua kubomoa, na kila shimo lilipotutikisa niliutega mgongo nisikie kama kisanduku kimelegea. Hakikulegea.

Tulikuta kijiji kimefurika. Familia mbili zilikuwa zinatoa wali siku moja, na ile ya pili ilikuwa imekodi gari la Masasi, lori kubwa lenye spika zilizopangwa mpaka zikafika usawa wa paa. Dereva wake, kijana mwenye kofia ya kugeuza, alikitazama kisanduku changu cha mbao kisichovishwa hata kitambaa.

"Mzee, shikamoo. Hicho ni cha kuku?"

"Marahaba. Cha kuku."

"Wapo wangapi?"

"Jogoo mmoja. Akiwika utamhesabu."

Watu wakacheka. Wali wakatolewa, wamefunikwa kanga mpya, wameinamisha macho, na mama zao wakaanza kuwatunza fedha. Lori la Masasi likaanza la kwanza. Lilikuwa na kelele, sikatai. Kisha binti yangu akafungua yake.

Sitasema ardhi ilitikisika, kwa sababu haikutikisika. Ninasema nililoliona. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani, mzee kunizidi, aliyekuwa amesema miguu yake imekwisha, aliweka kiganja chake kifuani, akakisikiliza, kisha akanyoosha mkono ainuliwe. Besi ile haikupiga kelele. Ilikuja chini ya maneno, ikayabeba, na maneno ya mwimbaji yakasikika moja moja juu yake. Wanawake wa familia ya pili wakaanza kugeuza shingo, kisha mabega, kisha miguu.

Kijana wa Masasi aliona watu wanamhama, akaongeza sauti. Nikasikia mkwaruzo. Nilimfuata nikamwambia, "Mwanangu, punguza. Hiyo inapasuka, utaiunguza."

"Mzee, kalishe kuku," akanijibu, akaongeza.

Haukuisha wimbo mmoja. Kwanza ilikoroma, kisha ikaja ile harufu ya rangi iliyoungua, kisha lori likabaki na sauti nyembamba tu, kama mbu. Sikucheka. Nilikuwa na deni la kicheko hicho mimi mwenyewe. Wazee wa familia ya pili walikuja kwa binti yangu, siyo kwangu, wakamwomba kwa heshima, na yeye akawajibu kama mtu mwenye kazi yake: "Karibuni. Wali wenu wapite kulia, wa huku wapite kushoto, na mtu asishike gari." Wakapangwa wakapangika. Kirikuu kikatembea mwendo wa miguu, na familia mbili nzima zikafuata nyuma ya kisanduku kimoja mpaka jua lilipopinda. Mkono wa binti yangu haukuivuka ile alama ya kisu hata mara moja, ingawa walikuja walevi watatu kumshawishi.

Mmoja wa wazee akamuuliza, "Kisanduku hiki kakitengeneza nani?"

"Baba yangu huyu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ndiye aliyekiua cha kwanza."

Mwaka uliopita ningemkemea mbele ya watu. Siku ile nilisema, "Kweli."

Kijana wa Masasi alinifuata kabla hatujaondoka, kofia ikiwa mkononi. Nikamfundisha habari ya chetezo.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa imamu wetu, nikamweleza kwamba niliapa kuuza gari la mwanangu na sasa naona kuuza ni dhuluma. Akaniuliza kama niliapa kwa makusudi. Nikasema kwa makusudi kabisa. Akasema, "Basi fanya lililo bora, na kiapo ukitolee kafara. Lisha maskini kumi." Nikamuuliza kama gari linabaki halali kwa binti yangu. Akasema, "Linabaki. Ila punguza kiburi, hicho hakina kafara." Nikampa mkono.

Siku ya pili mke wangu alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani kumi, na hakuna sahani aliyopima kwa uchoyo. Kabla ya kuzipeleka nilimwita binti yangu uani, pale pale nilipoapia, nikampa kadi ya gari. Nikamwambia aende ikaandikwe jina lake. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Nilichukua sahani zangu.

Tisa zilipokelewa kwa dua. Ya kumi nilimpelekea mzee mmoja asiyeona, anayekaa barazani nyuma ya soko, mwenye ulimi wa wembe tangu ujana wetu, nikamwambia ni kafara.

"Kafara ya nini, na wewe husemi uongo?" akauliza huku akinawa.

"Ya kiapo. Niliapa kuuza gari la mwanangu, nimekivunja."

"Gari lipi?"

Sikuhitaji kumjibu. Kona haijakatwa, gari halijaonekana, na besi ilikwisha kufika barazani ikakaa pamoja nasi. Aliacha kunawa. Alisikiliza mpaka lilipotupita na kuelekea mjini, mbavu zake zikipanda na kushuka kwa mwendo ule ule, kisha akaivuta sahani karibu.

"Uape tena," akasema. "Mimi nipo hapa hapa."